Taa za mchana zinazimika zenyewe njiani

SWALI: Fundi, salamu. Nimejifungia mwenyewe taa za mchana za LED kwenye bampa la mbele. Zilikuja na kiboksi. Waya mwekundu na mweusi nimeziunga kwenye betri. Wa tatu, wa rangi ya chungwa, niliona hauna kazi nikaukata. Sasa nikiwa njiani taa zinazimika na kuwaka zenyewe, na usiku kila ninayepishana naye ananimulika. Kiboksi ni kibovu?

JIBU: Kiboksi ni kizima, ndugu yangu. Huo uliouona hauna kazi ndio wenye kazi ya usiku. Uunge kwenye waya wa taa ndogo: ukipata umeme, kiboksi hufifisha au huzima za mchana. Taa hizi zimeundwa kushindana na jua. Kwa kanuni za Ulaya kila moja hutoa kandela (kipimo cha ukali wa mwanga) 400 hadi 1,200. Gizani huo ni mwanga wa kumuumiza mwenzako macho.

Kuzimika ni jambo jingine. Kiboksi cha aina hiyo hupima volti tu. Betri iliyotulia husoma kama 12.6, injini ikiwaka, alteneta (mashine inayochaji betri) huzipandisha hadi kama 14, nacho kinawasha taa. Magari mengi ya siku hizi, betri ikishiba kompyuta hupunguza chaji, volti zinashuka, kiboksi kinadhani umezima gari.

Mimi viboksi hivyo nilishaachana navyo. Natumia rilei ya miguu mitano, yaani swichi inayoendeshwa na umeme; kila mguu una namba yake. Mguu wa 30 naupa umeme wa fyuzi inayowaka ufunguo ukiwashwa tu, na katikati naweka fyuzi ya ampea 3, maana taa mbili za wati 6 hazifiki hata ampea moja na nusu. 87a unakwenda kwenye taa, 86 kwenye waya wa taa ndogo, 85 kwenye bodi, penye chuma kilichokwanguliwa rangi. Ukiwasha taa ndogo, rilei inavuta, za mchana zinakatika. Usichanganye 87 na 87a. Mimi niliwahi kuchanganya, na mteja akarudi jioni ileile: taa za mchana zinawaka usiku tu!

Ukikuta waya wa njano nyuma ya bampa, usiuguse. Mara nyingi ni wa mifuko ya hewa. Na giza likianza kuingia washa taa kubwa, kwa sababu hizo ulizofunga haziwashi za nyuma.