Mkiletewa mchoro wa bustani ya mtoni, ulizeni kwanza pembeni

Watu wa mipango miji wakija mtaani na mchoro wa bustani ya kando ya mto, mazungumzo hukimbilia vitu vya kupendeza: mabenchi, miti, uwanja wa watoto, taa. Nimekaa kwenye kamati ya mtaa wetu, ambao uko kwenye kijito kimojawapo kinachoingia Mto Msimbazi, Dar es Salaam, na ushauri wangu ni kwamba hayo yasubiri. Ulizeni habari za pembeni, pale bustani inapokutana na nyumba zenu.

Katikati ya bonde mwenye uamuzi ni maji. Msimbazi unateremka kutoka vilima vya upande wa Pugu hadi baharini kwenye Daraja la Salander, na kila mkazi wa Dar anajua mvua ikikaza Jangwani hapapitiki. Mafuriko ya Desemba 2011 ndiyo yaliyowahamisha watu wengi wa mabondeni kwenda Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Mradi wa Bonde la Msimbazi, unaotekelezwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, umesimama juu ya hoja hiyohiyo: huku chini, mto upewe nafasi, daraja la Jangwani linyanyuliwe, na ardhi isiyofaa makazi igeuzwe bustani ya jiji. Hesabu za mafuriko waachieni wahandisi. Ila njia ipite wapi, nyumba zitazame wapi, nani auze nini na wapi, hapo mtaa una la kusema, na hapo ndipo bustani inapopona au kugeuka dampo.

Kwetu mchoro ulibandikwa kwa selotepu kwenye ukuta wa ofisi ya serikali ya mtaa. Mstari wa kijani umefuata kijito, mzuri kabisa. Bibi mmoja wa nyumba za bondeni akauliza, "Sisi tunaingilia wapi, mwanangu?" Afisa akamjibu kwa heshima zote kwamba lango liko upande wa barabara kuu. "Kwa hiyo bustani iko nyuma ya choo changu, ila kuifikia nipande bajaji?" Watu walicheka, lakini swali lile lilifanya kazi kuliko hotuba zetu wanakamati wote. Upande wetu mzima viwanja vilikuwa vimeipa bustani mgongo.

Hilo la mgongo lishikieni bango. Nyumba iliyoupa mto mgongo itajenga ukuta, na nyuma ya ukuta hakuna anayeona. Huko ndiko taka zinakotupwa usiku, na huko ndiko vyoo vinakotapishwa mvua kubwa ikinyesha ili uchafu uende na maji. Hakuna mlinzi wa kuweza kuzuia hayo. Ombeni njia ya miguu, au barabara ndogo, ipite kati ya viwanja na bustani mwanzo hadi mwisho. Nyumba zikishaitazama njia, watu wenyewe watatoa vibaraza, genge litafunguliwa, na watoto watachezea mahali wanapoonekana. Kama mtaa wenu uko kwenye urasimishaji, yaani makazi yaliyojengwa bila mpango yanapimwa ili yapewe hati, njia hiyo iingie kwenye mchoro kabla ya upimaji. Bikoni, zile nguzo za mipaka ya viwanja, zikishasimikwa na hati zikatoka, kila mita ya njia ni ya kubembeleza au kununua.

Halafu kuna mita 60. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuathiri uhifadhi, ndani ya mita hizo kutoka ukingo wa mto. Wengi huisikia sheria hii siku nyumba inapopigwa X nyekundu ya kubomolewa. Ulizeni mapema zinapimwa kuanzia wapi, kwa sababu vijito vyetu vinakula kingo, na palipokuwa shamba la mchicha leo ni mchanga mtupu. Mwombeni mpima awaonyeshe mstari huo ardhini, si kwenye karatasi tu, na tembeeni naye pamoja na wazee. Mzee aliyezaliwa pale atakuonyesha alama ya maji ukutani na kukutajia ni mvua ya mwaka gani.

Wafanyabiashara wadogo wasiachwe "watajipanga baadaye". Mama lishe wakitengewa sehemu yenye maji na pipa la taka, bustani inapata watu na macho bure. Wasipotengewa watakuja vilevile, wakae juu ya mtaro. Kwa wenye mitaji, angalieni kitu kingine: bustani ikianza kuonekana, ardhi iliyo jirani inapanda bei na maombi ya kubadili matumizi yanafuata. Kiwanja cha makazi kinataka kuwa baa, kingine gereji yenye oili inayotiririkia mtoni. Tangazo la kusudio hilo lina muda wa pingamizi, kwa hiyo awepo mtu wa kamati mwenye jukumu la kusoma matangazo. Binafsi sina ugomvi na baa. Gereji juu ya ukingo ndiyo nitaipinga mpaka mwisho.

Wapangaji waiteni kwa jina. Barua za mikutano huenda kwa wenye nyumba, ambao wengine wanaishi mbali kabisa, wakati anayevuka kijito kila asubuhi kwenda kazini ni mpangaji. Kwetu ni wao waliojua kwamba kivuko kilichochorwa kilikuwa mahali pasipopita mtu.

Mkimaliza mkutano, msitawanyike kabla muhtasari haujasomwa. Kila hoja iandikwe na mahali pake: "njia ianzie kwenye kisima hadi kwenye mwembe", si "wananchi waliomba njia". Mtendaji agonge muhuri, nakala moja ibaki kwa kamati, nyingine apewe diwani mkononi, na mchoro wenyewe upigwe picha ukiwa na alama za kalamu ya risasi zilizoongezwa siku hiyo, maana mchoro utakaorudi unaweza kuwa mwingine.