Maswali Yenu: Picha ya Babu Imegoma Kuhamia Kwenye Kanvasi

SWALI: Nina kanvasi niliyobandika vipande vya kanga na magazeti, nikataka picha ya babu ikae katikati. Niliichapisha kwa printa ya nyumbani, nikaigandisha kifudifudi kwa jeli ya akriliki (dawa nzito ya wachoraji inayokauka ikawa wazi kama plastiki). Kulowesha tu karatasi ili niisugue itoke, ibaki picha, uso wote ukawa zambarau. Jeli mbovu? – Msomaji, Tanga

JIBU: Jeli haina kosa. Printa nyingi za nyumbani hutumia wino wa maji, na maji hayo hayo ya kulowesha karatasi ndiyo yaliyouyeyusha. Nenda steshenari utoe fotokopi au chapa ya leza. Hizo hutumia tona, yaani unga wenye plastiki unaoyeyushwa kwa joto ukashika karatasi, nao hauogopi maji. Chukua karatasi ya kawaida ya gramu 80, si ile ya kung'aa. Omba picha igeuzwe kama kwenye kioo, la sivyo saa ya babu itahamia mkono mwingine.

Kabla ya kubandika, paka rangi nyeupe ya akriliki pale uso utakapokaa, mara mbili. Tona haina nyeupe. Weupe unaouona kwenye chapa ni karatasi, na karatasi utaitoa. Usipopaka, maua ya kanga yatatokeza kwenye paji la uso wa babu. (Wapo wanaoyataka huko huko, na wakati mwingine hupendeza kweli.)

Weka ubao chini ya kanvasi isibonyee. Paka jeli upande wenye picha, unene wa kama milimita 1, igeuze kifudifudi juu ya kanvasi, kisha kandamiza kwa kadi ya zamani ya benki kuanzia katikati kwenda pembeni ili hewa itoke. Jeli inayochomoza ukingoni ifute hapo hapo: ikikaukia mgongoni mwa karatasi, maji hayatapenya. Subiri saa 24. Masika, huko Tanga, subiri 48.

SWALI: Karatasi naitoa yote, lakini picha ikikauka inapata ukungu mweupe. Nikisugua zaidi inachanika. – Msomaji, Nakuru

JIBU: Hujaitoa yote. Ukungu huo ni nyuzi za karatasi, ambazo zikilowa hazionekani. Lowesha kwa sifongo, ngoja dakika chache, sugua kwa ncha za vidole kwa mizunguko midogo, kisha acha ikauke. Rudia mara tatu au nne. Wengi huharibu kwa kutaka kumaliza kwa mkupuo mmoja: jeli iliyolowa sana hulainika na kung'oka na picha. Ukungu mwembamba wa mwisho usiusugue. Paka jeli au vanishi nyembamba, utapotea. Gundi nyeupe ya mbao nayo hufanya kazi, ila hulainika upesi zaidi, kwa hiyo maji yawe kidogo.

Palipokwisha kuchanika, bandika gazeti au gusia rangi.

SWALI: Msanii mzaliwa wa Nigeria, Njideka Akunyili Crosby, huhamisha picha kwa asetoni (kiyeyusho kikali kinachoshika moto upesi). Nifanye hivyo juu ya akriliki? – Msomaji, Mwanza

JIBU: Hapana. Yeye huhamishia kwenye karatasi. Asetoni huyeyusha akriliki, hivyo mandhari uliyokwisha kuipaka itageuka uji. Ukitaka kuijaribu, tumia karatasi tupu, fungua madirisha, na jiko liwe limezimwa.