Ethi ya redio ya ridhaa kwenye mawe ya Mwanza

Ndugu, umeuliza kama fimbo moja ya shaba chini ya dirisha inatosha kuwa ethi (njia ya kupeleka umeme ardhini) ya redio yako ya ridhaa, ile ya kuwasiliana kwa kujifurahisha. Haitoshi, na ikiwa haijaunganishwa na ethi ya nyumba ni hatari. Radi ikipiga karibu, ethi hizo mbili hutofautiana kwa maelfu ya volti, na mkondo hupita ndani ya redio yako kuelekea meni swichi. Ziunganishe kwa nje, kwa waya wa shaba wa milimita za mraba 16, mfupi, usio na kona kali.

Kwenye vilima vyetu fimbo ya mita 2.4 mara nyingi hugonga jabali. Tafadhali usiikate! Chimba mtaro wa kina cha nusu mita, laza waya mtupu wa shaba mita 10 au zaidi, pande mbili tatu kutoka chini ya mlingoti wa antena, ufukie kwa udongo wa mfinyanzi, si kokoto. Unga kwa klampu, lehemu huyeyuka radi ikipiga.

Kebo ya antena ipitie kikinga radi (kifaa kinachoelekeza mkondo wa radi kwenye ethi) kwenye bamba la shaba inapoingia nyumbani, bamba liungwe na ethi hiyo hiyo. Hata hivyo, wingu likianza kutanda ziwani, chomoa kebo na plagi, kebo ibaki nje. Ukishasikia ngurumo umechelewa, usiziguse.