Kabla ya kufunga, lipa deni

Mhariri, swali lenu la wiki hii ni hili: mtu akifunga lakini hakuna mwenye njaa aliyeshiba kwa ajili ya mfungo wake, je, amefunga? Nasema huyo ameshinda njaa tu. Kushinda njaa peke yake si ibada. Maskini hushinda nayo bila hata kunuia.

Najua wengi watakaowaandikia wataanzia kwenye sadaka. Mimi naanzia kwenye deni. Fungueni Isaya sura ya 58. Watu wanalalamika kwamba wamefunga na Mungu hakuona. Wanachojibiwa kwanza hakihusu ubahili: siku ya saumu wanajitafutia mambo yao na kuwakandamiza wanaowatumikia. Baada ya hapo unatajwa ugomvi, zinatajwa na ngumi. Na saumu inayotakiwa inapoelezwa, mstari wa 6 unaanza na vifungo, nira, na walioonewa kuachwa huru. Chakula, malazi na nguo vinasubiri mstari wa 7. Mpangilio huo una maana yake. Ukikalia ujira wa kibarua kisha ukampelekea kapu la chakula, umempa kipande cha mali yake mwenyewe, tena ukashukuriwa kwa hilo.

Kwa hiyo maandalizi ya saumu yanaanza siku moja kabla, kwa kalamu na karatasi. Andika jina la kila anayekudai: mfanyakazi wa nyumbani, mlinzi, fundi, jamaa aliyekukopesha ukajifanya umesahau. Torati haitoi nafasi kubwa hapa. Mambo ya Walawi 19:13 inakataza ujira wa kibarua kulala kwako hadi asubuhi. Kumbukumbu la Torati 24:15 inataka alipwe kabla jua halijachwa, kwa kuwa ni maskini na moyo wake uko kwenye malipo hayo. Anayeishi kwa kipato cha siku hana akiba ya kumvusha. Unapomwambia “njoo kesho” unamfungisha yeye na watoto wake saumu ambayo hawakuichagua.

Angalia pia ulichoshikilia kama rehani. Sura hiyo ya 24 inakataza kuchukua jiwe la kusagia, maana ni sawa na kuchukua uhai wa mtu. Sababu yake ni ya kawaida kabisa: mdaiwa asiye na chombo chake cha kazi atalipa kwa nini? Cherehani, baiskeli au simu anayopatia kazi, rudisha, kisha mpangiane namna ya kulipana.

Watu wengi hawajui kwamba Torati inaamuru saumu moja tu kwa mwaka, Siku ya Upatanisho, tarehe 10 ya mwezi wa saba wa kalenda ya Kiyahudi. Na ni siku hiyohiyo, kila mwaka wa 50, ambapo baragumu ya yubile ilitakiwa kupigwa ili ardhi irudi kwa wenyewe na waliojiuza kwa umaskini warudi kwao. Mpaka leo Wayahudi husoma Isaya 58 katika sinagogi asubuhi ya siku hiyo, matumbo yakiwa matupu. Hapo mtu hawezi kusingizia kwamba haki ni mada ya siku nyingine.

Deni likishalipwa, ndipo chakula. Hesabu yake ni ya zamani. Mchungaji wa Herma, maandishi ya Wakristo wa Roma ya karne ya 2, yanamwelekeza mfungaji apige hesabu ya gharama ya chakula ambacho angekula siku hiyo, aitenge, ampe mjane, yatima au mhitaji mwingine. Anayefunga siku moja kila wiki na kuacha milo miwili ana milo 104 kwa mwaka. Si haba.

Lakini milo hiyo mara nyingi haimfikii mtu, na kosa liko kwenye wakati wa kutenga. Fedha ikibaki kwenye mfuko wa matumizi hadi jioni, mlo wa kufungulia unaimeza, na mara nyingi mlo huo umegharimu kuliko milo yote iliyoachwa. Tenga asubuhi, kabla njaa haijaanza kukushauri. Tumia bei ya chakula unachokula kweli, si ya kile cha bei nafuu unachodhani kinamtosha maskini. Jioni fungua kwa mlo wa siku zote.

Kisha usicheleweshe. Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa Kiyahudi, ina onyo kali kuhusu sadaka ya siku ya saumu inayolala hadi kesho, ila inafafanua kwamba onyo hilo ni la mkate na tende, si la fedha, ngano au shayiri. Mkate na tende huliwa papo hapo, na mwenye njaa ameshavitazamia jioni ile. Nafaka bado itasagwa na kupikwa. Ndiyo maana kabla ya kutoa nafaka uliza kama mpokeaji ana sufuria na kuni.

Uislamu nao umeunganisha kipimo na saa. Zakatul-fitri, zaka ya kumaliza mfungo wa Ramadhani, ni pishi moja ya chakula, takribani kilo 2.5 hadi 3, kwa kila mtu wa nyumbani, nayo hutolewa kabla ya swala ya Idi; ikitolewa baada yake inahesabiwa sadaka ya kawaida. Asiyeweza kufunga kwa uzee au ugonjwa usiotarajiwa kupona hulisha maskini mmoja kwa kila siku ya Ramadhani: siku 30, maskini 30.

Isaya anaongeza jambo ambalo wahubiri hulipita haraka: usijifiche na ndugu yako wa damu. Simu ya binamu isiyopokelewa inaingia hapo. (Na picha za kupokea msaada, jamani, tuziache.)

Mjamzito au mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini asijione amebaki nje ya haya yote. Katika mistari ile miwili ya Isaya 58, wa 6 na wa 7, hakuna neno hata moja kuhusu kuacha mlo. Ale, atumie dawa zake, na kibarua wake alipwe kabla jua halijachwa.