Henia ya mshono wa zamani imeanza kutoa kidonda, tungoje mavuno?

SWALI: Habari daktari. Mamangu alitolewa fibroidi miaka mingi imepita, baadaye pale kwa mshono kukatokea uvimbe, ukakua pole pole na kwa vile hauumi akauzoea. Tangu mwezi jana ngozi ya juu imekuwa nyeusi inang'aa, na kuna kakidonda kanatoa maji. Jirani anasema afunge leso kabisa na apake dawa ya miti. Choo anaenda sawa. Tuko Ahero, tulikuwa tungoje tuvune mchele ndio tupate pesa.

JIBU: Dada, msingoje mchele. Henia ni utumbo kusukumwa nje kupitia tundu kwa ukuta wa tumbo, na shida yake tumezoea ni utumbo kunaswa ukanyongwa, lakini hii ya mama ni ingine, si ya kila siku. Ngozi ikivutwa miaka yote hiyo inakonda, damu haiifikii vizuri, inaanza kuoza, na chini yake hakuna nyama tena, ni utumbo tu, sasa siku akikohoa vibaya ama ajikaze chooni inaweza pasuka matumbo yatoke nje. Hayo maji yaangalieni leo, yakiwa ya kijani ama yananuka choo basi utumbo ushatoboka.

Leso ya kukaza inasugua kidonda na kuzuia damu, fungueni. Mkanda wa tumbo ni wa mtu ngozi yake iko nzima. Dawa ya miti pia hapana.

Na hiyo ya kusema choo kinaenda sawa isiwatulize sana. Kuna henia ya Richter, Mjerumani aliyeieleza 1778, upande mmoja tu wa utumbo unanaswa, choo na hewa zinapita huku kile kipande kinakufa. Inapenda tundu ndogo kama zile za operesheni ya kamera, kwa mama sidhani, lakini uvimbe ukigoma kurudi na uanze kuuma, ama akianza kutapika, ni emajensi.

Ikipasuka msirudishe kitu ndani. Funikeni na kitambaa safi kilicholowa maji yaliyochemshwa yakapoa, asile asinywe, alale magoti yamekunjwa, na mtafute gari, si boda.

Kesho mpelekeni Russia, ile hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga pale Kisumu, kwa watu wa upasuaji. Huenda wakampiga CT scan (picha ya ndani ya tumbo) kwanza, maana matumbo yakishahamia nje miaka, tumbo linakuwa dogo, ukiyasukuma yote ndani mapafu yanabanwa. Na kidonda kikiwa kichafu, meshi, ule wavu wa kuziba tundu, inaweza ngoja operesheni ya pili.