Ray hakuacha kazi, mwanangu

Mwanangu Idrisa,

Salamu nyingi kutoka Tanga. Sisi hatujambo, bibi yako anakusalimu, mvua zimeanza. Barua yako nimeisoma mara mbili. Waniuliza: ikiwa yule Satyajit Ray, mtengeneza filamu wa India niliyekusimulia tangu u mdogo, aliweka rehani dhahabu za mkewe ili atengeneze filamu, mbona wewe nakukataza kuacha kazi ya benki utengeneze yako?

Swali ni la haki, na kosa ni langu, kwani nilikusimulia nusu tu. Nusu niliyoiruka ni kwamba Ray hakuacha kazi.

Aliajiriwa mwaka 1943 huko Calcutta (siku hizi Kolkata), katika kampuni ya Kiingereza ya matangazo, akichora kwa mshahara wa rupia 80 kwa mwezi. Alikuwa bado na ajira hiyo Oktoba 1952, alipokwenda na wenzake kwenye uwanja wa matete yenye maua meupe kupiga picha za kwanza za Pather Panchali, filamu yake ya kwanza. Walikuwa wanapiga picha siku za mapumziko. Jumapili iliyofuata waliporudi walikuta ng'ombe wameyala maua yote, ikabidi wangoje msimu mwingine yachanue. Mtu mwingine angeona ni mkosi. Mpiga picha wake, Subrata Mitra, alikuwa kijana wa miaka 21 ambaye hajawahi kushika kamera ya sinema. Watoto wawili wa kwenye hadithi nao walikuwa wageni wa kazi hiyo.

Pesa hazikuwapo. Aliweka rehani bima yake ya maisha, akauza santuri zake alizozipenda, na Bijoya, mkewe, akatoa dhahabu zake. Hapo ndipo wewe ulipokomea. Lakini dhahabu hazikutosha! Kazi ilisimama kwa miezi mingi, na kila mwisho wa mwezi ulikuwa ni ule mshahara wa ofisini uliowalisha yeye, mkewe na mtoto wao Sandip, aliyezaliwa mwaka 1953 katikati ya hekaheka hizo.

Sasa nikueleze habari ya mama yake, maana huyo ndiye ninayemfikiria usiku. Suprabha alifiwa na mumewe, Sukumar, mwaka 1923, Satyajit hajatimiza miaka mitatu. Kiwanda cha uchapaji cha ukoo kikafilisika, akahamia na mwanawe kwa kaka yake, akawa anafundisha ushonaji. Unajua kwa nini habari hiyo inanigusa. Satyajit alipokua, ni mama huyo aliyemhimiza aende Santiniketan, chuo cha mshairi Tagore, kijana mwenyewe akiwa hana hamu ya kutoka mjini. Huko ndiko alikojifunza kutazama sanaa ya kwao kwa macho ya heshima.

Na pesa zilipokwisha kabisa, ni mama aliyepitia kwa rafiki yake hadi ombi likamfikia Bidhan Chandra Roy, Waziri Kiongozi wa jimbo lao la Bengal Magharibi. Serikali ikatoa fedha, na kwa kuwa jina la filamu lina maana ya wimbo wa njia, kwenye vitabu vya hesabu ziliandikwa kuwa ni za kutengeneza barabara. Walitaka pia mwisho wa hadithi ubadilishwe uwe wa matumaini zaidi. Ray alikataa. Msimamo huo naupenda kuliko habari ya dhahabu.

Kuna bibi mmoja kwenye filamu, Chunibala Devi, mwigizaji wa zamani wa jukwaani aliyekuwa na umri wa miaka 80 hivi. Ray alisema baadaye kwamba katika kungoja kule kote alibahatika mara tatu: sauti ya mvulana haikuwa nzito, msichana hakukua akapitiliza, na yule bibi hakufa. Alifariki baada ya kumaliza sehemu yake, kabla watu wa Calcutta hawajaiona filamu Agosti 1955. Mwaka uliofuata ikapata tuzo kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa. Ni baada ya filamu kupokewa vizuri ndipo Ray alipoaga ofisini. Alikuwa na miaka zaidi ya 30, na miaka 35 iliyofuata hakufanya kazi nyingine ila filamu, vitabu na michoro, hata moyo ulipomsumbua. Tuzo yake ya heshima ya Oscar alipelekewa kitandani hospitalini mwaka 1992, wiki chache kabla ya kufariki.

Kwa hiyo sikukatazi filamu, mwanangu. Ninachokukataza ni ile barua ya kuacha kazi, nayo nakuomba uichane. Nimekusomesha kwa pensheni ya baba yako na cherehani, na dhahabu sina za kukupa. Nilicho nacho ni nyumba hii, yenye ua ule ule unaousema kwenye hadithi yako ya wakata mkonge, na basi la Ijumaa jioni kutoka Dar linafika kabla ya saa sita usiku. Njoo na huyo rafiki yako mwenye kamera. Mtalala sebuleni, chakula juu yangu.

Bibi yako nimemwambia unahitaji mzee wa kukaa kizingitini. Amekubali, ila anataka kujua avae kanga gani.

Mama yako