Taa ya ziada nyuma ya tanka la petroli
Umeuliza kama taa ya ziada nyuma ya lori la tanka la petroli inaweza kuchukua umeme kwenye waya wa taa ya breki. Hapana, usiiunganishe hapo, hata kama fundi wako hapo Nakuru anasema ni kazi ya dakika tano. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutanda chini karibu na vali za kutolea mafuta, na waya uliosokotwa ukafungwa tepu hulegea na kutoa cheche hapo hapo penye mvuke. Vuta waya mzima usio na kiungo ndani ya paipu, wenye fyuzi yake, unaokatika umeme swichi kuu ya betri ikizimwa. Taa iwe ya kuhimili sehemu zenye mvuke unaolipuka. Ile ya bodaboda sahau. Na kishikio cha taa usikichomelee kabla tangi halijasafishwa na kupimwa kama bado lina gesi. Nimefunga waya za matanka miaka mingi.